Tundu la Hedifoni na Ukuta wa Stoo

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Nilisukuma mkokoteni wa kabichi katika soko la Karatina kabla sijaota ndevu, nikalala juu ya magunia ya watu, nikaibiwa na rafiki na kukopeshwa na adui. Nimeona mtu akinunua injini ya pampu bila kuangalia kama ndani kuna pistoni. Shule niliiacha darasa la sita, na leo watu wenye digrii huniletea pampu zao za maji ndani ya gunia, wameshazifungua wakashindwa kuzifunga. Mimi huzifunga. Toka Sagana hadi Nyeri mjini, ukiuliza nani anaweza kufufua pampu iliyokufa utaelekezwa kwangu, na usipoelekezwa basi umeuliza mgeni.

Nyumba yangu niliijenga mwenyewe. Kijana wangu alipooa nikamjengea yake, na hapo ndipo nilipofanya ujanja ambao nilijisifu nao miaka mingi. Badala ya kununua mbao za kuta nne nilinunua za kuta tatu, nikaiegemeza nyumba kwenye stoo yangu ya vipuri. Ukuta mmoja, kazi mbili. Nilileta hata majirani waje waone. Mmoja aliuliza kama mbao nyembamba vile hazitapitisha baridi. Nikamwambia baridi ni ya watu wasiofanya kazi.

Kijana mwenyewe hakukaa sana kwa hiyo nyumba. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta, akataka nimsaidie kufungua duka la kuchapa na kutoa nakala pale Sagana, njia panda, ambapo watu hawaishi kupita. Nilimwambia mimi sikusaidiwa na mtu. Nilimwambia mkokoteni wangu haukuwa na mdhamini. Sikusema kwa ubaya. Mtu aliyejitengeneza hudhani kila mtu anataka kutengenezwa vile vile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa baba," na mwaka huo huo akaenda Arabuni kufanya kazi ya kupakia mizigo kwa ghala. Aliacha nyuma mke, mtoto mmoja wa kike, na kompyuta yake, hizi za kukunja za kubeba mkononi.

Tangu aende, mimi na yeye tuliongea kwa simu kama watu wawili wanaojaribu laini. Uko sawa? Niko sawa, baba. Kazi? Iko sawa. Mvua? Inanyesha. Halafu tunanyamaza, kila mmoja anangoja mwingine akate.

Sasa, kwa wale ambao si wa huku kwetu, lazima nieleze kitu kimoja. Baba hakai kwa nyumba ya mwanawe kama mtu aliyefika kwake. Akikaribishwa chai anakunywa karibu na mlango, anashukuru, anatoka. Mke wa mwanawe humwita baba, na yeye humwita mama, na kati yao kuna heshima pana kama barabara. Wakiwa na jambo hawaambiani wenyewe. Jambo hupitia kwa mama wa nyumba. Kwa hivyo niliposikia kwamba kompyuta ya kijana ina shida, nilisikia kutoka kwa mke wangu.

Huyu binti wetu, mke wa kijana, alikuwa akiitumia hiyo kompyuta kuchapia watu barua na programu za mazishi. Simu yake ilikuwa ile ya vitufe, isiyo na picha, kwa hivyo kompyuta hiyo ndiyo pia aliyotumia kuongea na mumewe kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule Arabuni. Alivaa hedifoni masikioni, mtoto akilala alasiri, na wakaongea. Lakini lile tundu la kuingizia pini ya hedifoni lilikuwa limechoka. Pini ilicheza ndani kama jino la mtoto. Alikuwa ameifunga kwa mpira wa kufungia noti, akaweka karatasi iliyokunjwa chini yake ili ikae upande, na bado ikiteleza kidogo tu sauti ilitoka masikioni ikarukia spika, chumba kizima kikasikia.

Kabla mke wangu hajaniletea habari hiyo, mimi nilikuwa nimeshaijua. Na nimeijua vipi ndiyo haya ninayoandika.

Ijumaa moja, mvua ndefu ikiwa imeanza, niliingia stoo kutafuta mpira wa pampu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu niliposikia mwanamume akicheka upande wa pili wa ukuta. Nikafikiri, nani huyu anacheka kwa nyumba ya kijana wangu na mwenyewe hayuko? Nikashika spana. Kisha yule mwanamume akasema, "Ngoja nikwambie, ngoja," na nikajua sauti. Ni yeye mwenyewe. Alikuwa akimsimulia mkewe habari za mpishi wa kule kwao ambaye alipika ugali kwa unga wa ngano, na alikuwa anacheka mpaka maneno yanakatika. Miaka miwili sikuwa nimesikia kijana wangu akicheka. Nikiwa mkweli zaidi, sikuwa nimesikia tangu alipokuwa anavaa kaptula.

Nilikaa juu ya gunia. Nilikaa mpaka binti wetu aliposema, "Ngoja, imeteleza tena," akabonyeza pini, na sauti ikafungwa ghafla kama mfereji.

Siku chache baadaye mke wangu akanipa kompyuta ikiwa imefungwa kwa leso. Akasema mama mtoto anaomba, kama kuna nafasi, umwangalizie hilo tundu. Hataki sauti inatoka ovyo, anaona haya.

Niliifungua usiku huo huo? Hapana, niliifungua asubuhi, kwenye mwangaza, kwa sababu kazi ndogo inataka macho. Skrubu zote nikazipanga kwa kifuniko cha chupa. Shida niliiona kabla sijavaa miwani. Miguu ya tundu, pale inapokamatwa na solda kwenye bodi, mmoja ulikuwa umepasuka, na kile kijimsumari cha ndani kinachobana pini kilikuwa kimelegea. Kubadilisha tundu ni kazi ya muda wa kunywa chai. Hata bila kubadilisha, tone moja la solda na kubana kidogo kwa kibano, lingefanya kazi mwaka mzima. Chuma changu cha solda kilikuwa tayari kina moto. Nilikishika mkononi moshi ukinipanda puani.

Kisha nikakiweka chini. Nikarudisha skrubu zote mahali pake, nikaifunga kwa leso ile ile, nikampelekea mke wangu.

"Haitengenezeki," nikasema. "Mwambie imekufa ndani ya bodi."

Mke wangu aliniangalia kama mtu aliyesikia nimehama kanisa. "Wewe? Imekushinda?"

"Imenishinda."

Katika maisha yangu yote hilo neno sikuwa nimelitamka, na siku niliyolitamka lilikuwa la uongo.

Unaweza kuuliza, kwani hakuna fundi mwingine? Karatina wamejaa, kila kibanda kina kijana na miwani ya kukuza. Lakini fikiria. Baba mkwe wako ndiye fundi anayejulikana milima yote hii. Amesema kitu hakitengenezeki. Wewe, mke wa mwanawe, uchukue kitu hicho hicho umpelekee fundi wa kibanda, akitengeneze kwa nusu saa? Umemvua baba nguo sokoni. Binti wetu amelelewa vizuri, hangeweza kufanya hivyo. Na mimi nilijua hangeweza. Neno langu lilifunga hilo tundu kuliko kufuli.

Basi akaachana na hedifoni. Akawa anaweka sauti chini, anaongea karibu na kompyuta, na alichagua saa ambayo aliniona nikitoka langoni na koti langu la mjini. Nilitoka kila Ijumaa nikiwa nimevaa hilo koti. Nilipita mbele ya dirisha lake, nikakohoa ili ajue natoka, nikashuka barabara mpaka kwenye kona ya mti wa mkaratusi, halafu nikazunguka kwa shamba la jirani na kuingia stoo kwa mlango wa nyuma. Mwenyewe. Mtu wa umri wangu, mzee wa kanisa, viatu mkononi.

Sikwenda kusikiliza mambo yao ya ndani. Nataka hilo liandikwe. Wakianza maneno ya mume na mke nilijiziba masikio kwa vidole, nikahesabu boliti kwenye rafu. Lakini mtu aliyeziba masikio hawezi kujua ni lini ayazibue, kwa hivyo nilikuwa nazibua kidogo kuangalia, na hicho kidogo ndicho kinanichoma mpaka leo.

Nilisikia mengi. Nilisikia kwamba chumbani kwake wanalala watu kumi. Nilisikia kwamba anajifunza Kiarabu kwa kusoma mikebe ya maziwa. Siku moja nilimsikia akiniiga mimi. Binti wetu alimwambia nimepita dirishani nimevaa koti, akasema, "Ngoja. Amekohoa hivi?" Akakohoa. Halafu akatoa sauti nzito: "Mimi! Mimi nilisukuma mkokoteni! Mkokoteni wangu haukuwa na mdhamini!" Binti wetu alicheka akamwambia anyamaze, mtoto ataamka. Na mimi huku, kwenye gunia langu, nilicheka nimeuma kofia. Alinipata, isipokuwa kikohozi. Ni raha ngeni, kuchekwa na mwanao akiwa hajui uko. Nilitoka hapo nikitembea kama mtu mwenye zawadi aliyoichomoa mfukoni mwa mwenzake.

Ikaja Ijumaa ambayo hakukuwa na kicheko. Alimwambia mkewe kreti ya vigae imemwangukia mkono wa kushoto. Vidole viwili vimevunjika. Kazi ya kupakia hawezi, wamemweka aandike namba mlangoni kwa nusu ya mshahara mpaka vipone, kama vitapona. Binti wetu akaanza kulia. Akamwambia tumwambie baba, baba atajua la kufanya.

"Usimwambie mzee," akasema. "Tafadhali. Atasema, 'Nilikwambia.'"

Nilikaa pale hata baada ya wao kumaliza. Ningemwambia hivyo kweli? Ningemwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida, alinijua. Nilitaka kumtumia pesa ya hospitali, lakini pesa ya hospitali hutumwa kwa mtu ambaye umesikia ni mgonjwa, na mimi sikuwa nimesikia. Nilimpigia simu Jumapili. Uko sawa? Niko sawa, baba. Kazi? Iko sawa. Ulimi wangu ulikuwa umejaa vidole viwili, na nikavimeza. Mvua? Imepungua.

Wiki mbili nilitembea na mkono wake ndani ya kifua changu. Nikifunga pampu nilikuwa naangalia vidole vyangu vya kushoto, navikunja, navikunjua. Niliharibu pampu ya mteja wa Kagio, nikamrudishia bila kumtoza, akadhani nimeokoka mara ya pili.

Kisha maombi ya nyumba kwa nyumba yakafika zamu yetu. Watu wa jumuiya walikuja alasiri, mabenchi yakawekwa sebuleni, mke wangu na binti wetu wakapika chai na viazi. Tuliimba, tukasoma, na mwishoni kiongozi akasema mwenye nyumba afunge kwa sala. Mimi kwa kusali ni hodari, sijifichi. Watu hupenda nikisali kwa sababu sisahau mtu. Nikasimama, nikafumba macho, nikaombea mvua, nikaombea wagonjwa wa jumuiya mmoja mmoja, nikawaombea wanafunzi. Halafu nikafika kwa kijana wangu, na ule mkono uliokuwa kifuani ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.

"Na mtoto wetu aliye mbali, Bwana. Mguse mkono wake. Mkono wake wa kushoto, vile vidole viwili, Bwana, viunge."

Watu wakasema amina. Nilifungua macho. Wote walikuwa bado wameinama isipokuwa mtu mmoja. Binti wetu alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni na birika mkononi, ananiangalia. Hakuangalia chini kama siku zote. Kisha akaanza kumimina chai, akamimina kila kikombe mpaka mwisho, changu pia, na akakiweka mbele yangu taratibu bila hata tone kumwagika.

Mke wangu aliniuliza jioni, vidole gani? Nikamwambia ni namna ya kusali tu.

Kesho yake asubuhi binti wetu alikuja karakana. Hakuwahi kuja hapo peke yake. Alisimama nje ya mlango, mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza hakumtuma mama.

"Baba, habari ya mkono uliipata wapi?"

Nilikuwa na pampu mbele yangu, nikaendelea kufungua boliti ambayo nilikuwa nimeshaifungua. "Mama, mzazi huwa na moyo. Moyo huambiwa vitu."

"Moyo unaweza kuambiwa mtoto ameumia," akasema. "Hauwezi kuambiwa ni mkono wa kushoto."

Nilijua alikuwa anahesabu kichwani: dirisha, koti, kikohozi, ukuta. Niliona usoni mwake kila kimoja kikifika. Kilipofika cha mwisho, kile cha maneno ambayo mke humwambia mume na hayasemwi mbele ya mtu, alivuta leso ya mtoto akajifunika mabega, kama mtu aliyekutwa akioga.

"Na hiyo kompyuta, baba. Ni kweli ilikushinda?"

Niliigeuza ile boliti mkononi. Akanipa muda, akaona sitasema, akaondoka. Mchana huo alimuaga mke wangu kwamba anaenda kwao Kagio kumsaidia mama yake kuvuna nyanya. Nyanya za Kagio hazikuwa zimeiva. Hilo hata mke wangu alilijua. Alibeba mtoto, begi la nguo, na kompyuta.

Ilibidi nimwambie mke wangu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alichambua maharagwe mpaka mwisho wa ungo, halafu akasema, "Mzee mzima umekuwa panya wa stoo." Baadaye akaongeza, na hilo ndilo lilinilaza macho wazi: "Mimi pia ni mama yake. Ulisikia akicheka miezi yote hiyo, na mimi hukuniita."

Ijumaa iliyofuata stoo ilikuwa kimya. Niliingia, sitakataa. Nilikuta panya wa kweli.

Kwa wakwe hakuendwi ovyo. Mtu huenda na mwenzake, na kitu mkononi, na taarifa imetangulia. Mimi nilitangulia mwenyewe, na kilo mbili za sukari, na mke wangu nyuma yangu ambaye alikuwa hajaongea tangu Sagana. Tuliwakuta nyuma ya nyumba, mama wa binti anapanga nyanya za kwanza kwa makreti, kubwa chini, mbaya katikati, nzuri juu. Tukasalimiana vizuri. Akanipa kiti na kuendelea kupanga. Ilikuwa Ijumaa, na saa yenyewe nilikuwa nimeichagua.

Nilimwambia binti wetu, kupitia kwa mke wangu, kwamba nimekuja kuchukua kompyuta nikaitengeneze, kwa sababu inatengenezeka. Binti wetu alimsikiliza mama mkwe wake, kisha akanijibu mimi moja kwa moja.

"Muongee kwanza na yeye, baba. Anangoja."

Akaleta kompyuta, akaiweka juu ya kreti iliyopinduliwa, akapiga. Akanipa hedifoni nivae. Pini akaiingiza tunduni, akashika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kufanya, akaweka dole gumba langu juu ya pini akaliegemeza upande. "Bonyeza hivi. Ukilegeza, watu wote watasikia."

Basi nikakaa hivyo, nimeinamia kreti, dole gumba kwenye tundu nililokataa kulitengeneza. Uso wa kijana wangu ukatokea. Alikuwa amekonda. Mkono ulikuwa na bandeji, ameuweka kando kama kitu cha mtu mwingine.

"Baba."

"Niko."

"Ulikuwa stoo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

Aliangalia kando. Waliokuwa karibu nami walisikia majibu yangu peke yake, ndiyo yangu na tangu mvua yangu, na nyanya zikiendelea kutua kwenye kreti.

"Ulisikia nikikuiga?"

"Nilisikia. Kile kikohozi hukukipata."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kifupi, halafu akakifunga. Nilidhani tumevuka. Ndipo akaongea polepole, kama anamweleza mtoto.

"Baba, hapa tuko watu kumi chumba kimoja. Hata kitanda ni cha kupokezana. Hiyo saa moja ya Ijumaa ndiyo nyumba niko nayo. Sina nyingine. Na wewe uliingia ukakaa ndani."

Sijui kama ni kidole kilichoka au ni mimi. Pini iliteleza. Yale maneno ya mwisho, "ukakaa ndani," yalitoka kwa spika, makubwa, mbele ya mama wa binti na mbele ya mke wangu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mama wa binti alichukua nyanya, akaikagua, akaipangusa na leso, akaiweka juu. Nikarudisha dole gumba mahali pake.

"Ungenipigia simu," akasema.

"Ukiongea na mimi hucheki."

"Na wewe je?"

Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Nilimwambia pole ya mkono. Sikusema nilikwambia. Nilikuwa nalo hilo neno, lilikuwa pale pale nyuma ya meno, nikalikalia.

"Hiyo kitu inatengenezeka?" akauliza.

"Inatengenezeka."

"Itengeneze, baba. Halafu ukitaka kunisikia, piga."

Tundu nilinunua Nyeri mjini, kwa kijana wa vipuri ambaye alinitolea matatu ya aina tofauti nikachagua linaloingia kwenye bodi. Nililichomelea kwenye karakana yangu mlango ukiwa wazi. Binti wetu alirudi kuchukua kompyuta yake, akaingiza pini, akaitikisa, akaivuta, ikang'ang'ania. Akasema asante baba, akiangalia chini. Ile barabara ya heshima ilirudi kati yetu, lakini nadhani sasa ni pana kidogo kuliko zamani. Hajaamua kama atarudi kuishi pale. Alisema ataona. Nyanya zimeiva kweli sasa, na anazo sababu.

Nilinunua mbao za ukuta wa nne. Nilizipigilia upande wa stoo, nikaacha nafasi katikati, nikaijaza maranda ya mbao mpaka juu, nikayashindilia kwa mpini wa jembe. Jirani yule wa baridi alipita akauliza ninaogopa baridi siku hizi? Nilimwambia ndiyo.

Jumapili huwa nampigia kijana simu. Tunaongea mimi, yeye na mke wangu, ambaye ndiye hushika simu. Kijana anajibu vizuri, anauliza habari za pampu. Hajacheka bado. Nimemtumia pesa ya hospitali akairudisha nusu, akasema hiyo nyingine inatosha.

Ijumaa iliyopita binti wetu alikuja kuchukua nguo, akabaki mpaka alasiri ili aongee na mumewe akiwa ndani ya nyumba yao wawili. Nilimwona akifunga mlango, hedifoni shingoni. Sikwenda mjini, sikuvaa koti. Nilikaa karakana na pampu. Kutoka upande wa nyumba sikusikia kitu chochote, hata pumzi.

Tundu lilikuwa mia mbili, nauli ya kwenda na kurudi Nyeri mia mbili, mbao elfu nne mia nane, misumari mia tatu na hamsini. Maranda nilipewa bure. Jumla ilinigharimu shilingi elfu tano, mia tano na hamsini.